Maneno Ambayo Kompyuta Yangu Haikuyajua

Katika miaka yote niliyokuwa na saiba, kibanda cha kompyuta na intaneti, pale Lurambi, nilipata mteja mmoja tu aliyefurahi kompyuta ilipomwambia amekosea. Wengine wakiona mstari mwekundu chini ya neno walilonisomea, huona haya na kuniomba nirekebishe. Yeye alikuwa akivuta kiti hadi goti lake ligonge meza, anavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, halafu anahesabu ile mistari kwa kidole.

"Kumi na mbili. Ukurasa moja, kumi na mbili! Unaona, msichana wangu? Hata mashine haijui."

Kisha ananikataza nisiguse neno hata moja, na anakaa hapo kunilinda mpaka karatasi itoke.

Tulimwita Katibu. Jina lake lipo, ila nawaachia watoto wake. Alikuwa katibu wa kanisa, katibu wa chama cha mazishi, katibu wa mradi wa maji ambao haujatoa maji hadi leo, na katibu wa kamati ya fahali, maana kwao ni upande wa Malinya, ambako watu hupiganisha fahali siku moja na kubishana juu ya pigano hilo wiki nzima. Kabla ya ukatibu huo wote alikuwa mpiga taipu katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega. Alistaafu na vitu viwili. Kimoja ni saa ya ukutani aliyopewa siku ya kuagwa. Kingine ni dikshonari kubwa ya Kiingereza ambayo hakuna aliyempa.

Dikshonari hiyo haikuwa na jalada, na mchwa walikuwa wameila kuanzia herufi ya U hadi mwisho. Kwa hiyo Katibu alikuwa mtu wa kutisha kuanzia A mpaka T. Baada ya hapo alizungumza kama mimi na wewe.

Alikuwa na utaratibu wake. Kila asubuhi, akishakamua ng'ombe, alichagua neno moja ambalo hajawahi kulisikia kwa mtu, akaliandika katika kaunta buku, daftari lake nene, pamoja na maana yake. Neno hilo lilipaswa kutumika kabla ya jua kutua. Nilimuuliza sababu, akaniambia neno lisilotumika siku yake linaoza, na alilisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia samaki. Nafasi ya kulitumia isipopatikana, aliitengeneza.

Siku ya neno groak, kwa mfano. Maana yake ni kumkodolea macho mtu anayekula, kimya kimya, ukitumaini atakukaribisha. Bahati yake siku hiyo kulikuwa na mlo kanisani, na wazee walikuwa wamepakuliwa ingokho, kuku wetu wa kienyeji, kabla ya mchungaji. Katibu alisimama kutoa shukrani, akatangaza kwa Kiingereza kwamba mchungaji wetu mpendwa ana-groak. Mchungaji akadhani amesifiwa. Akainuka, akainamisha kichwa, akasema, "Amina, ni kwa neema tu." Katibu alimweleza maana baadaye, wakinawa mikono. Hakuwahi kumficha mtu maana, niseme ukweli. Shida ni kwamba maana ilikuwa inafika kama gari la wagonjwa, mambo yakiwa yameshatokea.

Ama muhtasari wa mkutano wa kanisa. Aliandika kwamba maombi ya kufungua yalivurugwa na borborygmus. Ni mngurumo wa tumbo lenye njaa, hakuna zaidi. Mkutano uliofuata, wazee walipousoma, walijadili kwa nusu saa huyu Borborygmus ni wa familia gani na nani alimwalika. Mmoja alisema amewahi kumwona Khwisero sokoni. Wakaazimia aitwe na kuonywa, na Katibu, kwa sababu yeye ndiye katibu, akaliandika azimio hilo kwa mwandiko mzuri kabla ya kuwaeleza maana. Alinionyesha ukurasa huo, machozi ya kicheko yakimtoka.

Nilimchokoza mara nyingi. Siku aliyoniletea nudiustertian nilimuuliza maana, akasema ni jambo la siku iliyotangulia jana. Nikamwambia, "Mzee, hiyo si ni juzi?" Nikaendelea, "Wazungu wamebeba gunia zima la herufi, na sisi tunasema juzi?" Alikasirika kweli. Alirudi kesho yake na overmorrow, kwamba Waingereza nao waliwahi kuwa na neno la keshokutwa ila wakalitupa. "Walilitupa wenyewe," akasema kwa uchungu, kana kwamba walilitupa shambani kwake. "Mtu na akili yake anatupaje keshokutwa?"

Kulikuwa pia na petrichor, harufu ya ardhi kavu ikinyeshewa mara ya kwanza. Neno tamu, lakini kwetu mvua hunyesha karibu kila alasiri na ardhi haipati nafasi ya kukauka. Hilo hakuliandika kwanza lisije likaoza, akaungoja ukame tangu Agosti hadi Januari. Tone la kwanza lilipoanguka alitoka mbio na fulana, akiita majirani wote waje wanuse. Watu walitoka na ndoo wakidhani pameungua. Walisimama pale wakanusa, kwa kuwa walishatoka, kisha wakarudi ndani na ndoo zao.

Na fahali je? Jirani yake alimwomba ampe fahali wake jina la kutisha. Katibu akafungua S, akampa Slubberdegullion, mtu mchafu asiye na faida. Siku ya pigano mtangazaji alilijaribu mara mbili, akaomba maji. Wapiga ngoma za isukuti hawakuweza kuliingiza katika wimbo hata kidogo. Mwishowe wakamwita Gulioni, na Gulioni akageuka akakimbia kabla hajaguswa. Mwenye fahali anasema hadi leo mnyama alilemewa na jina.

Mtu mmoja tu ndiye aliyewahi kumweza. Binti mmoja wa chuo kikuu, mjukuu wa jirani, alikuwa ameketi katika mkutano wa maji Katibu akifundisha mafundi namna ya kulaza mabomba. Binti akasema taratibu kwamba mzee ni ultracrepidarian. Herufi ya U! Katibu aliketi. Alilala siku tatu, mkewe akadhani ni malaria. Siku ya nne alikuja saiba, akasubiri wateja waishe, akaninong'oneza nilitafute mtandaoni. Nikamsomea: mtu anayetoa maoni juu ya mambo asiyoyajua. Alitazama mabango yangu ya bei kwa muda, halafu akacheka mpaka miwani ikaanguka.

"Neno zuri sana," akasema. "Ubaya ni kwamba ni yangu."

Ukimsikia hivyo utadhani alikuwa mtu wa mbwembwe tu. Sivyo. Ukimwendea na shida ya kweli, alikuwa mtu mwingine. Mama mmoja mjane alikuja kwake na kesi ya shamba, shemeji zake wameng'oa mipaka. Katibu alimwandikia barua ya mistari sita ambayo hata mtoto angeielewa, nikaichapa, na haikupata mstari mwekundu hata mmoja. Mama huyo alijibiwa. Aliandika nyingi za namna hiyo, bure. Nilipomuuliza mbona humo hakuweka maneno yake, alinijibu kwamba mwenye shida hana muda wa mapambo.

Na alikuwa na mkewe. Tulimwita Mwalimu, maana alifundisha chekechea maisha yake yote, na hata alipostaafu bado aliwaangalia watu wazima kama anayetaka kuona kama wamekata kucha. Kila Katibu alipodondosha neno mbele za watu mkewe akiwapo, vichwa vyote viligeuka kumtazama Mwalimu, naye akatoa maana kwa sauti ya chini, kwa Kiluhya, huku akiendelea kufuma. "Anasema ana njaa." "Anasema mvua." Alifanya hivyo kwa miaka mingi na sikuwahi kumsikia akilalamika. Nadhani sisi wote, kuanzia na Katibu mwenyewe, tulisahau kwamba ile nayo ni kazi.

Ndipo mama yake Mwalimu akafariki, huko Khwisero, akiwa amekula chumvi nyingi. Familia ikamwomba mkwe wao aandike historia ya marehemu, ile inayosomwa kabla ya mahubiri. Katibu aliniletea kurasa tatu. Nilipozichapa, kioo cha kompyuta kiligeuka chekundu.

"Mzee," nikamwambia, "watu wa Khwisero wataelewa hii?"

"Matanga si ya kuelewa, msichana wangu. Ni ya heshima. Wewe chapa."

Nikachapa. Sijitoi. Niliweka picha ya marehemu katikati, nikazungusha maua, na nikaona nimefanya kazi safi.

Nilihudhuria mazishi. Katibu alisimama mbele na koti lake jeusi, akasoma kwamba marehemu alikuwa pauciloquent, yaani mtu wa maneno machache. Halafu nyuma kabisa, waliko vijana, mtu akapiga mluzi. Akasoma juu ya ukarimu wake uliokuwa jentacular, maana yake wa wakati wa kifungua kinywa. Wakapiga makofi. "Ongeza, Katibu! Ongeza ingine!" Simu zikainuliwa juu. Naye akaongeza. Alianza kutua kabla ya kila neno, akiwangojea, na sauti ikapanda, na kufikia ukurasa wa tatu watu walikuwa wanashangilia kama wako uwanjani na fahali wawili wamekutanisha pembe.

Nilimgeukia Mwalimu, kwa mazoea, nipate maana. Alikuwa ameketi kando ya jeneza la mama yake, leso kichwani, akitazama nyasi. Alikuwa mfiwa. Hangeweza kutufasiria. Siku hiyo mwanamke mzee wa Khwisero alizikwa na hakuna aliyelia, na huku kwetu marehemu asiyeliliwa ni kama hajaagwa.

Baada ya matanga Mwalimu alisema atabaki kidogo afagie nyumba ya mama yake. Wiki ikapita, Katibu akaenda kumchukua, akaambiwa bado anafagia. Mwezi ukapita, bado anafagia. Nyumba ile ina vyumba viwili.

Huku video ikawa inazunguka katika simu za watu na Katibu akawa maarufu. Walimtaka harusini, walimtaka kwenye kampeni. Alikwenda mara moja, akarudi, hakwenda tena. Alikonda. Alikuwa anapika uji mzito na kuuita obusuma, ule ugali wetu, anakula akisimama. Akija saiba anakaa tu, kaunta buku magotini, bila kuifungua. Nilimhurumia, na nilijionea aibu pia, kwa maua yangu yale.

Aliamua kumwandikia mkewe barua ya msamaha, kurasa nne. Safari hii aliiandika kwa mkono. Ilirudi baada ya siku chache, na kila neno la A mpaka T limepigiwa mstari kwa kalamu nyekundu. Chini kabisa Mwalimu alikuwa ameandika: "Rudia kazi."

"Amenipigia mstari," akaniambia Katibu, akiishika ile barua kwa mikono miwili. Sikujua nicheke au nilie, nikamchemshia chai.

Mwaka uliofuata nilifunga saiba, kila mtu sasa ana saiba mfukoni, nikaanza kuuza vitabu na sare za shule. Tukapoteana kidogo. Halafu asubuhi moja akanipigia simu. Jumamosi anakwenda Khwisero. Huku kwetu mke akirudi kwao, mume haendi kubisha hodi peke yake. Anakwenda na wazee wa upande wake, anaketi nje, anataja kosa lake kwa mdomo wake, na wenyeji wakiridhika ndipo mke anaulizwa. Katibu alikuwa anakwenda na kaka yake mkubwa.

"Na wewe," akasema. "Wameuliza ni nani alichapa."

Basi nikaenda, mshtakiwa wa pili, nimebeba kuku chini ya kwapa.

Kitu cha kwanza tulichokiona tukiingia uani ni nguzo nne mpya, zimesimama kando ya nyumba ya marehemu. Kaka zake Mwalimu walikuwa wameanza kumjengea jiko. Kaka yake Katibu alizitazama, akanitazama. Mwanamke akishajengewa jiko kwao, mazungumzo yamekwisha. Wangeezeka wiki iliyofuata.

Tulikalishwa kwenye benchi barazani. Majirani walikuwa wamekuja, mabibi wengi wazee. Mwalimu hakuonekana, lakini tulimsikia ndani akichekecha unga. Kaka mkubwa wa Mwalimu, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, aliwakaribisha watu, kisha akampa Katibu nafasi. Katibu akasimama, akatoa karatasi mfukoni mwa koti.

"Rudisha hiyo karatasi, mulamwa," akasema huyo mrefu; mulamwa ni shemeji.

Katibu akairudisha.

"Sisi hatuna makosa mingi na wewe. Iko moja tu. Siku ile ulisomea watu ya simu. Sisi watoto tulikaa pale tukangoja kusikia mama yetu, na hatujamsikia mpaka leo. Hawa mabibi walikuwa wanaendanga kuteka maji na yeye, hawakumsikia. Sasa utuambie mama alikuwa nani. Useme vile tutasikia. Hiyo Kiingereza yako iache kwa geti."

Katibu alifungua mdomo. Midomo ilikuwa inacheza, nami niliyemjua nilijua yuko wapi, yuko katika P au N, anapekua. "She was," akaanza. Shemeji akainua kidole. Katibu akaketi. Kuku wangu akalia chini ya benchi na bibi mmoja akasema, "Hata huyo anaongea kuliko yeye," watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama zile nguzo.

Akasimama tena. Mikono hakujua aiweke wapi.

"Siku ya kwanza nilikuja hapa," akasema, "hiyo seng'enge yenu ilirarua suruali yangu. Hapa nyuma. Nikakaa kwa kiti, nikakataa kusimama hata kwa maombi. Mama hakuwa anaweza kuniongelesha, mimi ni mkwe. Akatuma sahani, imefunikwa na sahani ingine. Nikajua ni nyama. Nikafunua. Ilikuwa ni sindano, na uzi ameshaingiza."

Ndani, chekecheo likanyamaza.

"Hiyo miaka yote hakuniita jina. Heshima. Akitaka kuniambia kitu alikuwa anaambia mbwa. 'Wewe mbwa, ambia mgeni chai inapoa.' 'Wewe mbwa, huyo mtu amekonda, kwani msichana yangu hapikangi?' Mbwa akakufa, akaanza kuambia mlango. Mimi sina mama, yangu alikufa nikiwa mdogo. Nilikuwa nakuja hapa nasikiza vile anaambia mbwa, na narudi nyumbani nimeshiba. Sasa nikija hapa hakuna mtu ataambia mlango."

Bibi mmoja akapiga magoti yake kwa viganja. "Ni yeye!" akapaza sauti. "Hiyo ndiyo yeye kabisa! Hata mimi aliniteta akiambia kuku!" Na hapo hapo akaanza kulia, akidhani anacheka. Wa pembeni akampokea, na wa pembeni yake, na kaka mrefu mwenye sauti ndogo akafunika uso kwa kofia. Kilio kilichokuwa kimecheleweshwa mwaka mzima kikatoka chote barazani. Nililia pia, na mimi sikumjua yule mama isipokuwa kwa picha niliyoizungushia maua.

Kilipotulia, Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni, mikono myeupe kwa unga hadi kwenye viwiko.

"Hii maneno," akamwambia mumewe, "ulikuwa nayo siku ile?"

"Nilikuwa nayo."

"Mbona hukuyasoma?"

"Niliona ni ndogo," akasema.

Mwalimu alijipangusa unga kwa leso, mkono mmoja, halafu wa pili, polepole, kama ana siku nzima. Kisha akageuza kichwa, akamwita wifi yake aliyekuwa ndani.

"Niletee viatu. Si hizo slipa. Zile za kwenda nyumbani."